Ugonjwa Usio na Jina Humpa Mgonjwa Jina Baya

Kiswahili hakikosi majina ya maradhi. Mtoto wa shule ya msingi aweza kukutajia ndui, surua, kifaduro, dondakoo, pepopunda, kichocho, matende na safura bila kusita. Ukiyapanga majina hayo safu moja utaliona jambo ambalo huenda hujapata kulitilia maanani: takriban yote ni ya maradhi yenye kujitangaza. Huvimbisha mguu, hutoa upele, huleta kikohozi, humkakamaza mtu taya. Waliotuachia lugha hii waliyapa majina yale waliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio.

Yako maradhi mengine, hata hivyo, ambayo hayana haja ya kujitangaza. Huingia taratibu, hukaa mwilini miaka na mikaka, na mwenye kuyabeba huendelea kwenda kazini, kupika, kusahihisha madaftari na kuhudhuria arusi za watu. Maradhi hayo hayana jina katika mazungumzo yetu ya kila siku. Na kwa kuwa binadamu hawezi kuliona jambo asilitaje, jina linalokosekana kwa ugonjwa hutafutiwa mgonjwa. Huitwa mvivu. Huitwa mlafi. Huitwa tasa. Akiota nywele kidevuni huitwa jikedume. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba majina hayo ni sehemu ya maradhi yenyewe, na kwamba walimu na wanafunzi, kuliko watu wengine wote, wana uwezo wa kuyaondoa.

Siyasemi haya kwa kusimuliwa. Nina umri wa miaka 46, nafundisha isimu katika chuo kikuu, na nimeishi kwa miaka 18 na ugonjwa wa ovari ambao madaktari huuita kwa jina refu la Kigiriki lililosilimishwa Kiingereza. Miaka 9 iliyopita ukanijia wa pili, wa tezi ya shingoni iliyozembea kazi yake. Wa kwanza ulianza kuonyesha dalili nilipokuwa msichana wa miaka 16 katika shule ya bweni, lakini haukutambuliwa hadi nilipotimiza miaka 28. Hiyo ni miaka 12 ya kuitwa majina.

Jina lililotokana na kosa

Tuanze na huo wa kwanza. Kila mwezi, katika mwili wa mwanamke asiye na tatizo, vijifuko kadhaa vyenye mayai machanga huanza kukua ndani ya ovari. Kimoja huvitangulia vingine, hupevuka, hupasuka na kuliachilia yai. Yai lisiporutubishwa, utando wa ndani wa nyumba ya uzazi hubomoka na kutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Kwa mwanamke mwenye ugonjwa ninaousema, safari hiyo hukatikia njiani. Vijifuko huanza kukua, kisha vikasimama. Hakuna kinachotangulia, hakuna yai linalotoka, na mwezi hupita, na wa pili ukapita, pasi na hedhi.

Chanzo chake si ovari peke yake. Aghalabu mwili huwa hauitikii vyema wito wa insulini, ile homoni inayoziamuru seli zipokee sukari kutoka katika damu. Kongosho nayo, ikiona haisikiki, hutoa insulini nyingi zaidi. Insulini hiyo ya ziada huzichochea ovari kutengeneza kupita kiasi homoni tulizozoea kuziita za kiume. Kila mwanamke anazo homoni hizo kwa kadiri ndogo. Zikizidi, ndipo chunusi zisizosikia dawa, ndevu kidevuni, nywele za kichwani kupukutika, na hedhi kupotea. Ndiyo maana wenye ugonjwa huu wamo hatarini zaidi kupata kisukari cha aina ya pili, na ndiyo maana wale wanaokaa muda mrefu bila hedhi na bila matibabu wamo hatarini zaidi kupata saratani ya utando wa nyumba ya uzazi. Hili si suala la urembo.

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika juu ya wanawake 7 waliokuwa na dalili hizi. Walipozitazama ovari zao waliziona zimenenepa na kujaa vijifuko vingi vidogo. Hapo ndipo lilipozaliwa jina: ovari zenye uvimbe mwingi wa maji. Jina hilo lina kosa ndani yake. Vile vijifuko si uvimbe. Ni maskani ya mayai yaliyosimama kabla ya kupevuka. Hakuna ndani yake kitu cha kukata wala cha kuyeyusha. Waama, mwaka 2003 wataalamu waliokutana mjini Rotterdam walikubaliana juu ya alama tatu: hedhi isiyo na mpango, homoni za kiume zilizozidi, na ovari zenye vijifuko vingi. Zikipatikana mbili kati ya tatu, baada ya maradhi mengine kuondolewa, ugonjwa upo. Maana yake ni kwamba mwanamke aweza kuwa na ugonjwa huu pasipo vijifuko hivyo, na mwingine akawa na vijifuko pasipo ugonjwa. Desemba mwaka 2012 jopo lililoitishwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani lilipendekeza waziwazi jina hilo libadilishwe, kwa sababu linaelekeza macho mahali pasipo.

Msomaji asidhani kosa la jina ni burudani ya wanaisimu tu. Katika masoko yetu, vituoni mwa magari na katika simu za mkononi, yako matangazo ya dawa za unga na za chupa za kuyeyusha uvimbe wa ovari. Muuzaji halazimiki kudanganya sana. Jina lenyewe limekwisha mdanganyia mteja. Mwanamke aliyeambiwa ana uvimbe atatafuta cha kuyeyushia uvimbe. Angeambiwa kwamba mayai yake yanasimama kabla ya kupevuka kwa sababu homoni zimepishana, angeuliza swali jingine, na pesa zake zingekwenda kwingine.

Wala wagonjwa si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huwapata wanawake kati ya 10 na 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 ya hao hawajui kuwa wanao. Chumba cha walimu chenye wanawake 20, basi, huenda kina wawili, na huenda mmoja wao hajijui.

Tezi iliyochoka

Ugonjwa wa pili una makao yake shingoni, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo pana tezi yenye umbo la kipepeo, ambayo kamusi zetu za sayansi zimeipa jina la dundumio. Dundumio hutengeneza homoni kutokana na madini ya aidini tunayoyapata katika chumvi na samaki, na homoni hizo ndizo zinazoamua mwili uende kasi gani: moyo upige vipi, tumbo lisage vipi, joto liwe kiasi gani, akili ichangamke vipi. Tezi hiyo ikizembea, kila kitu hupunguza mwendo. Mtu huhisi baridi wenzake wakifuta jasho, huvimbiwa, hunenepa kiasi, ngozi humkauka, hedhi humvurugika, na usingizi hauishi hata alale saa 10.

Ndugu zetu wa Tanzania huiita aidini kwa jina la madini joto. Hilo ni jina jema mno, kwani aliyekosa kazi ya dundumio anachokosa kwanza ni joto. Nalikumbuka kila nikumbukapo adhuhuri moja ya Februari mjini Kisumu, nilipokuwa miongoni mwa watu waliovaa mikono mifupi, mimi nikiwa katika sweta nzito na vidole vimekufa ganzi.

Tusichanganye, hata hivyo, dundumio iliyochoka na rovu. Rovu ni uvimbe wa shingo ambao wazee wetu waliujua vyema, hasa katika nchi za milima zilizo mbali na bahari, ambako udongo hauna aidini ya kutosha. Hilo ndilo lililofanya serikali nyingi, yetu ikiwamo, ziagize chumvi itiwe aidini. Lakini palipo na chumvi ya aidini, sababu kubwa ya dundumio kuchoka huwa nyingine: askari wa mwili wenyewe huigeukia tezi na kuishambulia kana kwamba ni adui. Daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1912 kutokana na wagonjwa 4, na wote walikuwa wanawake. Hadi leo huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Mgonjwa wa aina hii haponi kwa kuongeza chumvi katika mboga. Aidini ikizidi yaweza hata kumdhuru.

Kipimo chake hutatiza wengi, nami nimewahi kukieleza kwa wenzangu kwa mfano huu. Chini ya ubongo pana tezi ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari, ambayo kazi yake ni kuisimamia dundumio. Dundumio ikifanya kazi vyema, msimamizi huzungumza kwa sauti ya chini. Ikizembea, hupaza sauti. Sauti hiyo ndiyo homoni ya TSH inayopimwa katika damu. Kwa hiyo namba ikipanda, tezi imeshuka. Kwa kawaida namba hiyo haipiti 4 na kitu. Yangu ilipopimwa kwa mara ya kwanza ilikuwa imepita 40.

Maneno yalivyonikimbia

Nina kazi inayotegemea vitu viwili, sauti na maneno, na dundumio ilinipokonya vyote viwili. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili mofolojia ya Kiswahili, somo nililolifundisha kwa miaka 10, neno kiambishi likanitoka. Sikulisahau kwa maana ya kawaida. Nililijua lilipo, kama mtu ajuaye funguo ziko ndani ya nyumba aliyofungiwa nje. Wanafunzi walinisubiri kwa adabu. Wiki iliyofuata yalinitoka matatu.

Sauti nayo ilikuwa imeshuka na kukwaruza. Kwa vile nafundisha fonetiki, nilikuwa na rekodi za sauti yangu mwenyewe, nilizozifanya miaka mitano kabla ili wanafunzi wajifunze kupima kiwango cha sauti kwa kompyuta. Nilirekodi maneno yale yale upya, nikaziweka picha mbili za mawimbi ya sauti bega kwa bega. Tofauti ilionekana hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nimezuru zahanati mbili. Katika moja niliambiwa nipunguze chapati, katika nyingine nikaambiwa wasomi hufikiri kupita kiasi. Katika ile ya tatu niliweka karatasi yangu ya mawimbi mezani, na daktari kijana, mwanamke, aliitazama, akanigusa shingo, akaagiza damu ipimwe siku ile ile.

Napenda msomaji aone jinsi maradhi haya mawili yanavyofichana. Uchovu ni wa yote mawili. Unene ni wa yote mawili, na hedhi iliyovurugika, na nywele kupukutika, na ugumu wa kushika mimba. Aliyekwisha jua kuwa ana ule wa ovari hudhani kila jipya linatokana na huo, na daktari mwenye haraka hudhani hivyo pia. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa unataka dundumio ipimwe kabla mwanamke hajaambiwa ana ugonjwa wa ovari. Tafiti kadhaa, fauka ya hayo, zimeonyesha kwamba wenye ugonjwa wa ovari hupatwa na ule wa Hashimoto mara nyingi zaidi kuliko wanawake wengine. Mwenye mmoja, basi, na aulizie wa pili.

Neno nililolikosa

Nilipokuwa na miaka 31, miaka mitatu baada ya kuolewa, shangazi yangu aliniita kando katika arusi ya binamu yangu. Ni mwanamke ninayempenda na kumheshimu, na swali lake lilitoka katika mapenzi.

"Mwanangu," akaniambia, "mbona mwili unazidi, na mwenzio hujampa mtoto?"

"Ni maradhi, shangazi."

"Maradhi gani?"

Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa aibu. Nilikuwa na shahada ya uzamifu katika lugha, na katika lugha hiyo sikuwa na neno la kumpa mwanamke aliyenilea. Jina la Kiingereza nilikuwa nalo, lakini lingetua kati yetu kama barua iliyoandikiwa mtu mwingine. Shangazi alisubiri, kisha akalijaza pengo kwa neno alilokuwa nalo. Alilitamka kwa huruma, kwa sauti ya chini: "Basi u tasa, mwanangu. Mungu yupo."

Neno hilo tasa halikuwa kweli. Mwenye ugonjwa huu si tasa. Ana mayai, tena mengi. Linalokosekana ni kupevuka kwake, na kupevuka huko aghalabu huweza kusaidiwa kwa vidonge visivyo vya ajabu. Mimi nilipata binti nilipokuwa na miaka 34. Silisemi hili kwa kujigamba, kwani wapo waliotibiwa wasipate, na ubinadamu wao haukupungua kwa hilo hata chembe. Nalisema kwa sababu neno tasa ni hukumu isiyo na rufaa, ilhali daktari akisema mayai hayapevuki anasema habari ya leo, ambayo kesho yaweza kubadilika. Wanawake wangapi wamepewa talaka kwa nguvu ya nomino, palipohitajika kitenzi tu?

Tuna methali isemayo mficha uchi hazai. Hutumiwa kumhimiza mtu aseme shida yake. Lakini atasemaje asiyepewa maneno? Kumlaumu aliyenyamaza kabla ya kumpa msamiati ni kumtuma mtu kisimani bila ndoo.

Darasani na bwenini

Nawageukia sasa walimu wenzangu. Taifa hili limepiga hatua katika kuisema hedhi hadharani. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo, na mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa ili wasichana katika shule za umma wapewe sodo bila malipo. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini mazungumzo yote hayo yanamhusu msichana anayepata hedhi. Yule asiyeipata hana mahali pake. Sodo zikigawanywa, zake hubaki sandukuni, na wenzake bwenini huhesabu. Miezi mitatu ikipita, huanza minong'ono. Wa nne, huitwa ofisini kuulizwa mimba ni ya nani. Katika shule niliyosoma nilipimwa mimba mara mbili kabla sijajua hata jinsi mimba inavyopatikana. Hakuna aliyeuliza swali la tatu: ikiwa hana mimba, basi ana nini?

Swali hilo ndilo ninalowaomba walimu waliulize, na hawahitaji kuwa madaktari ili waliulize. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi kuja ovyo ni kawaida. Baada ya hapo, mzunguko mmoja ukipita siku 90, yafaa msichana apelekwe hospitali. Baada ya miaka mitatu, akipata hedhi chini ya mara 8 kwa mwaka, kadhalika. Na aliyetimiza miaka 15 bila kuvunja ungo naye aonwe na daktari. Haya ndiyo yasemwayo na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, na yaweza kubandikwa ukutani mwa ofisi ya matroni kwenye nusu karatasi. Mwongozo huo huo unaonya kwamba picha ya ovari isitumiwe kumtambulisha msichana na ugonjwa huu kabla ya kupita miaka 8 tangu avunje ungo, kwa sababu ovari za ujana huwa na vijifuko vingi kwa kawaida yake. Mzazi asiharakishwe kulipia picha hiyo.

Jambo jingine ni shingo. Insulini ikizidi kwa muda mrefu, ngozi ya nyuma ya shingo na ya makwapani hugeuka nyeusi na nene kama mahameli. Nimewaona wasichana wakirudishwa kutoka gwarideni waende wakasugue shingo zao, nao wakasugua kwa jiwe la kusugulia miguu hadi wakachubuka. Uchafu ule hautoki kwa sababu si uchafu. Ni mwili ukiandika habari zake mahali pa wazi, na mwalimu akiijua hati hiyo aweza kuwa wa kwanza kuisoma.

Vivyo hivyo msichana anayelala darasani kila siku, anayetetemeka wenzake wakivua sweta, ambaye alama zake zimeporomoka pasi na sababu. Huenda ni mvivu. Lakini kipimo kimoja cha damu kinatosha kuondoa shaka, ilhali viboko na ripoti za mwisho wa muhula haviwezi kuifufua dundumio.

Mwendo wa kila siku

Yawezekana msomaji anayeyatambua haya mwilini mwake anajiuliza maisha huwaje baadaye. Huwa ni maisha ya kanuni ndogondogo. Kidonge cha dundumio hunywewa alfajiri kwa maji matupu, na tumbo likae tupu kwa muda wa kati ya nusu saa na saa nzima. Kwa Mkenya huu ni mtihani mzito, kwa kuwa chai ya maziwa ndiyo inayotufumbua macho, na maziwa na kidonge hiki havipatani. Vidonge vya chuma na vya kalisi hungojezwa saa 4. Dawa haifanyi kazi kwa siku moja. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kipimo cha dawa kikaongezwa au kupunguzwa. Anayeshika mimba amwone daktari mapema, maana aghalabu dawa huhitaji kuongezwa, na ubongo wa mtoto katika miezi ya mwanzo hutegemea homoni za mama. Kwa ule wa ovari, dawa huchaguliwa kulingana na kinachomsumbua mgonjwa: za kupanga hedhi, za kumsaidia mwili kuitikia insulini, za kupevusha mayai. Kutembea kwa miguu na kupunguza sukari na unga uliokobolewa husaidia, hata kama mizani haisogei.

Maneno yangu yalianza kurejea katika wiki ya tano, moja moja, kama wageni waliochelewa karamuni. Kiambishi kilirejea Jumanne asubuhi nikiwa kwenye matatu.

Huwa napata faraja katika kisa cha daktari wa Newcastle, George Murray. Mwaka 1891 alimdunga mwanamke aliyelegea kwa ugonjwa huu maji yaliyotengenezwa kutokana na dundumio za kondoo. Mgonjwa alifufuka, kisha akaendelea na dawa hiyo kwa kuinywa. Aliishi miaka mingine 28, hadi 1919, na kwa hesabu ya daktari wake alikuwa ametumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Alipoanza kutibiwa alikuwa na miaka 46, umri wangu wa leo. Kinachonitosha mimi ni kidonge kidogo kuliko punje ya mchele, na kondoo wamepumzika.

Tuupe jina

Wajibu wa mwanaisimu ni upi katika haya? Naamini ni kutoa neno. Tumewahi kufanya hivyo, tena kwa ustadi. Ugonjwa uliotujia katika miaka ya 1980 haukubakia na herufi nne za Kiingereza. Tuliuita Ukimwi, yaani upungufu wa kinga mwilini, na kila mtoto alielewa kwamba kilichopungua ni kinga. Kwa neno hilo tuliweza kufundisha, kubishana, kutunga mashairi na hatimaye kuwafariji wagonjwa. Jina zuri la ugonjwa husema kinachotendeka mwilini na humwacha mgonjwa na heshima yake.

Kwa kigezo hicho, siungi mkono tafsiri ya ovari zenye uvimbe, ambayo hubeba kosa la 1935 na kulileta kwetu likiwa zima. Napendekeza tuseme ugonjwa wa mayai yasiyopevuka. Najua haukidhi kila hali, maana wapo wachache ambao mayai yao hupevuka na dalili nyingine wanazo. Lakini humwelekeza msikilizaji mahali panapostahili, na hakuna mchuuzi awezaye kuuza unga wa kuyeyusha kitu kisichopevuka. Kwa ule wa shingo, dundumio iliyochoka yatosha, kwa kuwa kila mtu anajua kilichochoka husaidiwa, hakitukanwi. Mwenye majina bora zaidi na ayalete. Walimu wa Kiswahili wakiyatia katika mazoezi ya ufahamu na insha, na walimu wa biolojia wakiyatumia waelezapo mfumo wa uzazi, yataenea kabla kamusi hazijayapokea, kama ilivyo desturi ya maneno.

Zamani katika pwani yetu, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mzima wa kumfunza mambo ya mwili wake. Somo huyo aliacha kazi yake mikononi mwetu, na jina lake sasa ni la kile tunachokifundisha darasani. Binti yangu ana miaka 12. Maradhi haya hufuata ukoo, na binti wa mama mwenye ugonjwa wa mayai yasiyopevuka yumo hatarini kuliko wenzake. Mwaka ujao ataingia bweni. Nimekwisha mpa majina yote mawili, naye anayatamka bila haya. Kinachobaki ni kwamba akiyataja mbele ya mwalimu wake, mwalimu ayaelewe.